Bushi za Ngozi

Gari la bwana wetu lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa gari kuukuu la kabla ya vita, na bushi za springi zake za nyuma, zile pete za mpira zinazozuia bolti zisigonge chuma, zilikuwa zimelika hadi kila bolti ikawa inacheza ndani ya tundu lake. Bwana alikuwa Kaburu mwenye shamba la ngano upande wa Kiplombe, na barabara ya kwake ilikuwa mashimo mwaka mzima. Likitoka tu nyumbani kwake, chuma kiligonga chuma, nasi huku mashambani tulisikia kila kishindo.

Tulisikia, na tulishukuru. Nyapara aliamka juu ya magunia na kuanza kutukana watu. Wanaume waliokuwa wakivuta tumbaku walishika majembe. Mke wangu alikuwa na mazoea ya kukata kuni kwenye mikaratusi ya bwana, jambo lililokatazwa kabisa. Akilisikia gari, aliutupa mzigo mtaroni na kuanza kuchuma mboga kwa unyenyekevu mkubwa. Bwana akifika alikuta watu wenye bidii isiyo na kifani, na alijivunia sisi kwa majirani zake. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba gari lile ndilo mlinzi wetu. Tulilijua jambo hilo kwa masikio tu.

Hata mimi nilipaswa kulijua. Lakini nilikuwa nimerudi kutoka vitani, nimejifunza kutengeneza malori, na kichwa kilikuwa kimevimba. Sikutaka kuzeeka na jembe. Katika mji wa Eldoret, ambao sisi tuliuita Sisibo, kulikuwa na Kalasinga mwenye gereji aliyesema atanichukua nikimletea barua ya bwana wangu. Bila barua, kipande nilichobeba, ile hati ya kazi ya serikali, kilisema mimi ni mtu wa shamba, na mtu wa shamba akiondoka bila ruhusa alitafutwa na polisi. Niliitamani ile barua kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

Nilipomwomba bwana, alinitazama kama mtu anayepima ng'ombe.

"Wewe nasema iko fundi," akaniambia. "Memsabu hapana taka sikia hii kelele. Wiki ya pili sisi nakwenda kanisa mjini. Kama gari nanyamaza, mimi naandika barua."

Makaburu walikusanyika mjini kila baada ya miezi michache kwa ajili ya meza ya Bwana, na memsabu alikuwa amechoka kugeukiwa na kanisa zima kila walipowasili.

Bushi mpya hazikuwepo. Ilisemekana ziko melini, na zilikuwa melini tangu mwaka uliotangulia. Basi nilichukua mkanda uliokatika wa mashine ya kupura ngano, ngozi nene ya ng'ombe, nikaukata vipande sita na kuviloweka siku tatu katika mafuta ya kondoo. Nilizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikainua nyuma kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya magogo. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nilizichoma kwa makaa nikazigonga hadi zikatoka, huku zikinichuna vidole. Nilizungusha kila kipande cha ngozi kikawa kama mwanzi, nikakishindilia kwenye tundu lake kwa nyundo ya mti na kurudisha bolti. Kisha nililishusha gari chini ndipo nikakaza nati. Hilo ndilo jambo ambalo mafundi wa haraka hawalijui: ukikaza gari likiwa hewani, bushi inajinyonga siku ile ile uzito unapoilalia.

Bwana aliliendesha hadi langoni akarudi. Kimya. Memsabu alitoka barazani akasimama, mkono kifuani. Sijawahi kujisikia mtu kama nilivyojisikia asubuhi ile. Nilifuta mikono yangu taratibu ili wote waione.

Bwana alisema ataiandika barua akirudi kutoka mashambani.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na gari lilikuwa limekwisha kata kona.

Alimkuta nyapara anakoroma. Aliwakuta wanaume wanane wamejilaza kwenye majani wakibishana kuhusu fahali wa mtu fulani. Kwenye mikaratusi alimkuta mwanamke ana panga mkononi na mzigo kichwani, anaimba wimbo wa kanisani. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba aligeuka akaona gari limesimama nyuma yake, na alidhani anaota.

Jioni hiyo nyapara aliondolewa unyapara. Wengine waliongezewa kazi ya Jumamosi. Mimi niliitwa barazani.

"Bibi yako iko mwizi," bwana akasema. "Lakini wewe iko fundi mzuri sana, na mimi nasamehe yeye kwa sababu yako. Sasa wewe nakaa hapa. Fundi kama wewe hapana peleka kwa Kalasinga."

Kwa hiyo nilikosa barua kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi vizuri mno.

Nyumbani nilisukumiwa chakula. Mwishowe mke wangu akasema, "Baba watoto, hiyo gari imetulinda miaka yote. Wewe umeenda vita umerudi, ndio unakuja kutumaliza?"

 Kwa wiki tatu watu waliacha kunisalimia. Nikipita, mazungumzo yalikatika. Nyapara wa zamani, ambaye sasa alilima kando yangu, alinisogelea siku moja. "Fundi," akasema kwa sauti ya kunisifu, "na jua nalo utalinyamazisha lini?" Wote walicheka isipokuwa mimi. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayokufanya upite njia ndefu kwenda kuteka maji.

Wiki ya tatu ilipokwisha nilijilaza chini ya gari, eti natia grisi, nikatoa ngozi mbili na kuzitia mfukoni. Kesho yake chuma kiligonga chuma. Nilisikia mtu akipiga kigelegele huko kwenye mahindi.

"Ngozi, bwana," nikaeleza kwa huzuni nyingi. "Ngozi huisha."

"Mimi nafikiri napata fundi, kumbe napata mshona viatu!" Aliketi hapo hapo akaandika mstari mmoja na kunitupia karatasi. "Kwenda! Bibi atabaki kulima. Kama Kalasinga nataka wewe, yeye chukua."

Barua ilisema: mtu huyu alinyamazisha gari langu kwa wiki tatu tu.

Kalasinga aliisoma mara mbili. Alikuwa akilijua gari lile, kama mji wote ulivyolijua. "Bushi iko wapi?" akauliza. Nikatoa zile mbili mfukoni. Alizibonyeza, akazinusa. "Wiki tatu, na hii ngozi tu? Kesho saa moja, wewe kuja."

Miezi ilipita, meli ikafika, na bwana akalileta gari gerejini. Kalasinga alinikabidhi bushi sita mpya za mpira na kusema nimwonyeshe Kaburu kazi safi. Niliziingiza zote, nikalishusha gari chini na kukaza nati tano kwa nguvu zangu zote. Ya sita niliipitishia pini isije ikadondoka, lakini spana sikuigusisha; niliiacha imelegea.

Kalasinga alisikiliza gari likiondoka kwenye barabara laini ya mjini, akanipiga begani kwa furaha. Mimi nilikuwa nikiwaza ile barabara ya mashimo, na mke wangu kwenye mikaratusi. Nilipiga hesabu kwamba likifika Kiplombe litakuwa limeanza kulia.