Eufrosina Aifuata Zambarau Baharini

Lori lilimshusha Eufrosina pale njia ilipokatikia mchangani, akatembea saa mbili nyuma ya wanaume watatu watia rangi ndipo akaiona bahari. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alianza kufuma akiwa na minane, na tangu aolewe hajajifunga kiunoni nguo isiyo na michirizi ya zambarau inayokamuliwa kwa konokono wa miamba ya pwani hii. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Kuleta rangi ilikuwa kazi ya mumewe, Teófilo, na Teófilo walimzika mwezi wa Julai.

"Shemeji, mawimbi haya hayamhurumii mjane," alisema Nabor, binamu ya marehemu na mkubwa wa watia rangi. "Kaa kivulini. Uzi wako tutautia rangi sisi."

"Mtautia mkimaliza wenu. Na wenu hauishi, Nabor."

Hakuwa na nafasi ya kungoja. Konokono wa mwamba wakishakamuliwa huachwa mpaka mwezi uandame tena, na harusi ya mjukuu wake Arcadio ilikuwa imebakiza wiki sita. Kufuma kwenyewe kungekula tano. Kwao, upande wa bwana harusi ndio unaomvika mwali nguo ya kujifunga. Nyanya wa mwali, Porfiria, alikwisha kutangaza sokoni, "Nitainusa!" Zambarau ya kweli hunuka bahari miaka na miaka, ya dukani hainuki kitu. Na tangu msiba ule watu walinong'ona kwamba nyumba ya Eufrosina sasa ni nyumba ya rangi za dukani.

Maji yalipokupwa alipanda mwambani. Akazungusha kitita cha uzi mkononi, akambandua konokono, akampulizia kama Teófilo alivyomwonyesha jikoni, limau likishika nafasi ya konokono. Maji ya kwanza akayamwaga. Maziwa yake, ambayo ndiyo rangi, yalipotoka akayapaka uzini. Yakateleza, yakadondoka chini. Konokono wa pili, vilevile.

Nabor akaja, akaushika uzi, akaangua kicheko.

"Shemeji! Uzi huu una uji!"

Uji wa mahindi, usioacha rangi ishike. Kila mfumaji wa kwao hukaza uzi kwa uji usikatike, na mikono yake ilifanya hivyo kabla ya safari bila kumwuliza mwenyewe.

"Konokono hawajaomba kifungua kinywa, mama," alidakia mwingine. "Umesahau sukari."

"Chekeni. Mkimaliza mnipishe."

Akashuka majini, akaufua uzi, akaupiga jiweni, akausuuza, akaufua tena. Alipoinuka, maji yalikwisha kuanza kujaa na wanaume walikuwa wakifunga mizigo. Miamba yote ya karibu ilikuwa imekamuliwa.

"Na ule ufa?" aliuliza, akionyesha mwamba wa mwisho.

"Mwembamba. Mabega ya mwanamume hayapiti."

"Mimi nimeinama mbele ya nyuzi za mtande miaka hamsini na mitatu, Nabor. Mabega yaliisha zamani."

Akaingia ubavuubavu. Ndani konokono walikuwa wamejaa, wakubwa kama ngumi, hawajaguswa na mtu. Akakamua, akapaka, akamrudisha kila mmoja penye unyevu na kivuli. Maji yakafika magotini, yakapanda kiunoni. Nje Nabor alikuwa akiita kwa sauti iliyopasuka, "Toka, mama we! Nitawaambia nini wanao?"

Alitoka kinyumenyume, viatu vimekwenda na wimbi, akainua mkono juani. Uzi ulikuwa mweupe kama tui. Ukawa manjano. Ukawa kijani. Halafu, mbele ya macho yao wote wanne, ukaiva zambarau, kuanzia kidole gumba hadi kiwiko.

Nabor akavua kofia.

Kesho yake alimsindikiza hadi barabarani.

"Mwezi ukiandama tena, ufa ule ni wako. Hatuugusi."

"Na nikiwa mwambani, nani atanipikia?"

"Mimi."

"Mungu wangu! Basi nenda kajifunze, shemeji. Una siku ishirini na nane."

Lori likasimama. Eufrosina akapanda mbele, miguu mitupu, akaufunga mlango kwa kishindo. Nabor akabaki peke yake vumbini, akicheka hadi lori likapotea kilimani.