Bi Mwaija Apimwa Akili

Bi Mwaija binti Mwinjuma wa Zinga alikuwa na nyumba, shamba la minazi, na mtu mmoja tu wa kumpikia uji. Mtu huyo alikuwa Adija, ambaye Bi Mwaija alimlea tangu akiwa mchanga ingawa hawakuwa damu moja. Mume wa Bi Mwaija na mwanawe wa pekee, Pazi, walikwisha kufa. Kwa kuwa mtoto wa kulelewa harithi, Bi Mwaija aliazimia kumpa Adija nyumba na nusu ya shamba angali hai. Hivyo, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, alikwenda Bagamoyo kwa liwali kuandikisha hati ya hiba.

Husseni, mtoto wa kaka yake, akapinga. Alidai kwamba shangazi yake huzungumza peke yake jikoni, akili zimemruka, na mtu wa namna hiyo hawezi kutoa mali. Hilo la kuzungumza lilikuwa kweli, maana tangu Pazi afariki, mama yake alikuwa akimsimulia habari za kila siku. Liwali akaamuru apimwe na daktari wa wilaya.

Daktari alikuwa Mzungu mgeni, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Maswali yaliulizwa na karani wake, Wilbrodi, kijana wa bara mwenye adabu na mwandiko mzuri. Alimwamkia bibi shikamoo, akampa kiti, akamwuliza huu ni mwaka gani.

"Mwaka wa Alhamisi," Bi Mwaija alijibu.

Wilbrodi akamweleza kwa upole kwamba hakuuliza siku. Bi Mwaija akarudia jibu lilelile, polepole, kama anavyosaidiwa mgeni. Kwao Zinga mwaka wa kulima huitwa kwa jina la siku ilipoangukia Nairuzi, ambayo ndiyo siku yake ya kwanza, na mwaka ule iliangukia Alhamisi. Wilbrodi akaandika: hatofautishi mwaka na siku ya juma.

Kisha akauliza jina la mumewe. Bi Mwaija akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

"Baba Pazi."

"Jina lake hasa, bibi."

"Mwanangu, kwani wewe mkeo hukuita jina?"

"Huniita Wilbrodi."

"Maskini. Kampe pole mama yako," alisema Bi Mwaija, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wilbrodi akaandika: amesahau jina la mumewe, hucheka bila sababu. Daktari akatia sahihi na mhuri.

Barua ya daktari iliposomwa barazani, Adija aliomba ruhusa ya kusema.

"Bwana liwali, huu si mwaka wa Alhamisi?"

"Ni wa Alhamisi, mwanangu," alisema liwali bila kumtazama. "Hata mimi nisingejibu vingine. Lakini nikiipinga karatasi hii, bwana shauri wa wilaya ataniuliza udaktari nimesomea wapi."

Hiba ikabatilishwa, na Husseni akawekwa kuwa msimamizi wa mali. Hakuwa katili. Kila Ijumaa alimletea shangazi yake unga na samaki, na akamtafutia mwanamke wa kumpikia. Adija aliambiwa atafute pake pa kukaa, akaenda Kerege kulima vibarua.

Mwanzoni Bi Mwaija alimsimamisha kila mpita njia na kumwambia kwamba yeye ni mzima. Waliitikia upesi mno, wakaenda zao. Baada ya miezi michache akaacha kuwasimamisha. Hata jikoni akawa kimya, akichelea kusikika.

Siku moja Adija alikuja kumtazama, akaketi nyuma yake kumsuka.

"Adija, niambie kweli. Unanionaje?"

"Mzima, mama. Mzima kabisa."



"Ndivyo ambavyo ungesema hata kama mimi si mzima," alisema Bi Mwaija.

 Adija alimaliza msuko wa mwisho, akajitanda kanga na kushika njia ya Kerege, maana Husseni hakupenda amkute pale.