Mama Kwenye Keria

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kando ya lami kulikuwa tope tupu. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye keria ya baiskeli yangu, amejitanda vazi lake jeupe la sherehe, naye alikuwa na jambo moja tu kichwani: afike kanisani akiwa safi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa, baba hayupo tena duniani, na mama ndiye angemshika mkono hadi madhabahuni. Pikipiki hapandi. Anasema zinakimbia kama zimeiba.

Nilikanyaga pedali kwa furaha, nikipigia kengele hata mbuzi! Ndipo honi ikalia nyuma yetu. Huku kwetu Kasulo kila mwendesha baiskeli anaijua honi hiyo: lori la mpakani Rusumo linakuja, wewe shuka. Hatuulizani. Tunashuka topeni na ndizi zetu, mkaa wetu, watoto wetu, lori linapita, tunapanda tena. Nami nikaanza kukata usukani kwenda pembeni.

"Usishuke," mama akasema.

"Mama, ni semi!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Niliingia nchi hii kwa miguu, msichana, mkeka kichwani, nikipisha kila chenye magurudumu. Leo naozesha binti. Kanyaga!"

Nikakanyaga. Malori kutoka mpakani yalikuja mfululizo upande wa pili, dereva wa lori la nyuma yetu hana pa kupitia, honi hainyamazi, nami natukana kimoyomoyo huku nacheka kwa sauti. Sijawahi kuogopa vile na kufurahi vile kwa wakati mmoja. Kwenye matuta ya pale madukani akapata upenyo, akatupita, akasimama mbele yetu na kuruka chini. Kijana, shingo nene.

"Mnataka kufa? Barabara ya magari hii!"

Maneno yangu makali yalikuwa tayari ulimini. Mama akanifinya mgongoni ninyamaze. Akamtazama tu yule kijana, akangoja. Watu wa madukani nao wakangoja, maana kila mtu alijua kinachongojwa. Kijana akakuna kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, endelea kunitukana."

Wee! Watu walicheka wakashikilia mbavu. Ukishamwamkia mtu, matusi utayatoa wapi? Akapanda lori lake akaondoka taratibu, nami nilitamani kuimba.

Tulifika kwenye geti la kanisa mama akiwa mweupe pe. Akashuka, akanyoosha vazi lake. Papo hapo gari dogo lenye maua na riboni likaja mbio, honi juu, likakanyaga dimbwi. Tope likamwogesha mama kuanzia kiunoni hadi miguuni. Lilikuwa gari la bwana harusi.

Bwana harusi akatoka na suti yake, uso umemshuka. Mimi nilikuwa nawaka. Mama hakupandisha sauti.

"Mkwe wangu, leo nakukabidhi binti yangu. Naye ni mtu wa baiskeli."

Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe hovyo. Huyu alitoa leso yake, akapiga magoti palepale, akaanza kupangusa pindo la vazi, polepole, ndugu zake wote wakitazama. Mama alimwacha apanguse mpaka akatosheka.

Bwana harusi aliingia kanisani na magoti ya tope. Nilimpigia vigelegele kuliko wote.