Dawa ya Wiki Moja

Nilirudi darasani nikiwa na miaka arobaini na minne. Hospitali ilitaka muuguzi mmoja asomee tiba shufaa, yaani utunzaji wa watu ambao ugonjwa wao hautapona, na matroni akanichagua mimi. Alisema bila haya kwamba sikuwa na mtoto wa kunyonyesha, wala sikuwa mtu wa kucheka ovyo wodini. Niliichukua kama sifa.

Masomo ya darasani yalikuwa Nairobi. Tulijifunza namna ya kumpa mtu habari mbaya, mwenzetu mmoja akijifanya mjane na kulia kwa ustadi hadi mwalimu akampigia makofi. Tulipewa kadi yenye sura sita zilizochorwa, ya kwanza ikitabasamu na ya mwisho ikibubujikwa na machozi, ili mgonjwa aonyeshe kwa kidole kiasi cha maumivu yake. Niliwaza kwamba hakuna mzee wa Kiturkana niliyemjua ambaye angeigusa sura inayolia mbele ya mgeni. Sikuinua mkono kusema hivyo. Nilikuwa nimefuata cheti, na mwanafunzi anayebisha huchelewa kukipata.

Baada ya darasa yalikuja mazoezi, ambayo nilipaswa kuyafanya Lodwar na Kakuma. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la wagonjwa kumi, na kila ziara ilikuwa na ukurasa wake na nafasi ya saini ya msimamizi. Msimamizi wangu alikuwa daktari aliyeshinda siku nyingi za wiki katika kliniki moja ya Kakuma. Sheria kubwa ilihusu mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali ambayo mfamasia huichanganya na kuitia katika chupa ndogo. Mgonjwa hupewa ya wiki moja. Ikiisha kabla ya siku zake, muuguzi husitisha kutoa nyingine mpaka msimamizi aidhinishe kwa saini. Si sheria ya kipuuzi. Dawa hiyo ikinywewa na asiyeihitaji, yaweza kumzima pumzi.

Mgonjwa wangu wa saba alikuwa mama mmoja wa Kanamkemer, kitongoji cha Lodwar, mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa imekwisha kuenea. Aliishi na binti yake, ambaye alikuwa na kibanda cha kuuza sukari na majani ya chai. Wiki ya kwanza ya mofini ilimrudisha duniani. Alikaa, akaomba maziwa, akanitania kwa Kiturkana kwamba sura yangu ilikuwa ya kuchosha kuliko ugonjwa wake.

"Nikifa," aliniambia, "usije na uso huo. Utawaogopesha mbuzi."

Nilipeleka chupa ya pili siku ya Ijumaa. Jumanne iliyofuata binti alinipigia simu. Nilipofika, chupa ilikuwa tupu.

"Imeenda wapi?" nilimuuliza.

"Imeisha, sista."

"Naona imeisha. Nauliza nani ameinywa."

Aliangalia mlango. "Yule mzee wa hapo jirani, mguu yake imefura, halali. Alikuja akaona mama amekaa vizuri. Akauliza ni dawa gani. Mama akasema nimpe. Kesho yake akakuja na bibi yake, na huyo pia anaumwa na mgongo. Sasa mimi nifanye nini?"

"Ungekataa."

Mama alinijibu yeye mwenyewe kutoka kitandani, kwa lugha yetu, na sauti yake ilikuwa tayari imeanza kukatika. "Nikatae vipi, mwanangu? Waniangalie nikinywa peke yangu, kisha kesho niwaombe maji?"

Muuguzi aliyetoka mbali angekuwa na haki ya kushangaa. Mimi nilizaliwa Kaaleng, huku huku Turkana. Nilimwona baba yangu akilikata jani lake la mwisho la tumbaku vipande vidogo mno, visivyomtosha yeyote, kwa sababu watu wanne walikuwa wamekwisha kuliona. Nilijua kwamba katika nyumba ile, kitu kinachotuliza maumivu kisingeweza kukaa wiki nzima bila kuombwa, na kikiombwa kisingenyimwa. Nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kuiacha chupa ya kwanza. Nilipaswa kuleta dawa ya siku mbili mbili, na kumwita mzee yule nimweleze, na kumpeleka hospitali kwa ajili ya mguu wake. Hayo yote yangenichukua asubuhi moja.

Niliandika katika daftari, kwa Kiingereza safi cha darasani, kwamba dawa ilitumiwa isivyofaa na familia, na kwamba imesitishwa.

Nilikuwa na namba ya simu ya msimamizi. Sina njia ya kulikwepa hilo. Mtandao ulikuwepo, simu ilikuwa na chaji. Lakini nilikuwa nasafiri kwenda Kakuma kesho yake, na msimamizi alikuwa amesema angepitia daftari zima na kutoa alama. Sikutaka habari ya chupa tupu imfikie kabla sijamwonyesha kurasa zangu nzuri. Nilimwachia binti vidonge hafifu nilivyokuwa navyo mkobani na kumwambia nitarudi Ijumaa.

"Ijumaa ni mbali, sista," alisema.

"Ni utaratibu," nikamjibu.

Niliwahi kuulizwa katika mtihani nini humpata mgonjwa aliyezoea mofini ikikatwa ghafla. Nililijibu swali hilo kikamilifu.

Kakuma nilimtembelea mgonjwa wa nane, mkimbizi wa Kikongo mwenye saratani ya ini. Mke wake aliniletea chupa kutoka ndani ya sanduku lenye kufuli, na kipimo kililingana na hesabu hadi tone la mwisho.

"Miye naifungiaka, mama," alisema akicheka, huku akinionyesha ufunguo aliouvaa shingoni. "Hapa kambini kila mutu iko na maumivu. Nikianza kugawa, bwana yangu atakunywa mate."

Nilicheka naye. Niliujaza ukurasa wake kwa raha, na wakati wote nilikuwa nikimlaumu moyoni yule mama wa Kanamkemer kwa kutokuwa kama huyu.

Alhamisi msimamizi alilipitia daftari. Aliusifu mwandiko wangu. Tulipofika kwenye ukurasa wa mgonjwa wa saba, alisoma, akatazama tarehe, akachukua kalamu na kuidhinisha dawa bila kuniuliza lolote kuhusu familia. Kisha akainua macho.

"Hii ni ya Jumanne. Mbona hukunipigia?"

"Nilidhani saini lazima iwe ya mkono."

"Ningekubali kwenye simu, saini ingefuata." Alifunga daftari. "Lakini umefuata sheria. Siwezi kukukata alama."

Hakunikata.

Niliondoka Kakuma alfajiri ya Ijumaa. Kufikia saa nne nilikuwa nimepita kwa mfamasia na kufika Kanamkemer. Walikuwa wamemtoa nje na kumlaza kwenye ngozi, kivulini mwa ukuta, kwa sababu ndani hakuweza kuvumilia joto juu ya maumivu. Mdomoni alikuwa na kipande cha shuka alichokuwa akikiuma. Nilimsalimu, "Ejoka?" Hakuitikia. Nilimpa dawa kwa kijiko, kidogo kidogo, na ilipopita nusu saa taya zake zililegea, binti akaweza kukitoa kile kitambaa. Kilikuwa kimetoboka.

"Siku tatu," binti alisema. Hakupaza sauti, wala hakuniita sista.

Alifariki Jumatatu, akiwa ametulia. Hilo la kutulia niliandika kwenye ukurasa wa mwisho, na ni kweli.

Nilikwenda mazikoni. Watu walipoanza kutawanyika, mzee mwenye mguu uliovimba alinijia akichechemea, mkewe nyuma yake. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili na hakunitazama usoni.

"Daktari," alisema, "wamesema alilia kwa sababu sisi tulikunywa dawa yake. Mimi sikujua iko ya kuhesabu. Mimi ndiye nimemtesa yule mama. Nisamehe."

Binti alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, akisikia. Alinitazama, akangoja. Ningeweza kumwambia mzee kwamba dawa nyingine ilikuwepo siku ile ile, umbali wa safari moja ya pikipiki. Kwamba aliyemtesa mama alikuwa na kalamu. Maneno yalikuwepo, katika lugha yake na yangu.

"Usijali, mzee," nilimwambia. "Nimekusamehe."

Alinishukuru mara mbili. Binti aligeuka akaenda kukusanya vikombe.