Maneno Aliyokaririshwa Hayat

Jua halijapanda vizuri, na tayari Sijaona Amissi amepiga magoti kwenye vumbi la mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anang'oa kitambaa kilichochakaa kwenye kiti cha teksi. Binti yake Hayat, mwenye miaka kumi na sita, amesimama kando na mkasi mkononi. Anasubiri.

"Kata hapa," anasema Sijaona. Hayat anakata. Mama ananyamaza mpaka mkasi utulie. "Sasa leta gundi."

Shakuru, fundi injini wa jirani, anacheka chini ya gari. "Mama Hayat, unaongoza huyu mutoto kama mutu anarudisha lori nyuma."

"Bora mi naongoza. We ulifunga breki za watu bila kuongozwa, ikawa nini?"

Wote wanacheka isipokuwa Hayat. Ameshageuza uso ukutani, kama anayeitwa. Sijaona anaweka koleo chini na kumkodolea macho mpaka binti arudi kwenye kazi.

Ufundi wa kufunika viti vya magari aliurithi kwa marehemu mumewe. Seti ya gari dogo humpa faranga laki moja na nusu, kitambaa na sponji vikitoka humo humo. Hayat alikuwa akisoma vizuri, mpaka mwaka jana alipoanza kupotea akiwa amekaa palepale.

"Namutuma vitu vitatu, analeta kimoja, na hicho kimoja anauliza ni cha nini," anasema Sijaona. "Nikasema ni uvivu. Dawa ya uvivu naijua."

Dawa hiyo haikufua dafu. Hayat alianza kusikia jina lake likiitwa kutoka ndani ya sponji. Akakataa shule, akidai wenzake wanasikia mawazo yake. Shekhe wa mtaani alimsomea dua, kisha akamwambia mama: "Dua tutaendelea nazo. Na kwa daktari muende."

Katika kliniki moja ya mtaa wa Kinanira, mwanasaikolojia Consolate aliwaeleza wazi. Hayat hajapata wazimu. Yuko katika hatari ya kuupata, na wengi wa namna yake hawafiki huko. Ila akili yake itapimwa mara kwa mara: kushika maneno anayosomewa, kutaja namba kinyumenyume, kulinganisha alama haraka. Ikianza kuporomoka, watawahi.

Sijaona alisikia neno moja tu: kupimwa.

"Kwetu mutoto akipimwa, unamufundisha. Nani anaacha mutoto wake aanguke mutihani?"

Siku ya kipimo cha kwanza alikuwa amekaa pembeni, akaibeba orodha ya maneno kichwani: sufuria, mvua, kiatu, daraja na mengine. Nyumbani akamkaririsha Hayat kwenye cherehani, akamkaririsha wakimenya muhogo. Kipimo cha pili, binti aliyataja yote bila kujikwaa. Consolate alifurahi, akaisogeza siku ya kurudi mbali zaidi.

Katika pengo hilo Hayat alitoka kununua uzi, asirudi. Jioni simu ya mama ikalia. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa ghala moja katika eneo la viwanda, aliyeiona namba ya simu ya karakana kwenye fulana ya binti. Hayat alikuwa amesimama katikati ya lango. Alisema ameitwa aingie. Malori yalikuwa yakimpigia honi na hasogei.

Waliporudi kliniki, Consolate alisoma orodha mpya: wembe, wingu, sabuni, ng'ombe. Hayat alifumba macho, akajibu: "Sufuria, mvua, kiatu, daraja."

Consolate aliweka kalamu chini. "Mama Hayat, haya maneno nani alimufundisha?"

"Ni mimi."

"Ulinionyesha mutoto ambaye hayupo. Nikamupa huyo siku nyingi bila kumuona, na huyu akaenda kusimama mbele ya malori."

Sijaona hakutafuta kisingizio. Aliuliza tu afanye nini sasa. Tangu hapo wanarudi kliniki mara kwa mara, na karakanani anatoa agizo moja moja, kwa ushauri wa Consolate. Kwa njia hiyo Hayat amemaliza kiti kizima. Sauti bado ipo. Siku nyingine iko mbali, siku nyingine iko sikioni.

Kesho ni kipimo kipya, na safari hii kina uzito. Shule imekubali kumpokea Hayat kwa nusu ya masomo, iwapo Consolate ataona akili yake imeshikilia pale ilipo.

"Mama," anauliza Hayat, gundi ikikauka kwenye brashi, "kesho ni maneno gani?"

"Sijui."

"Unajua. Unanificha."

Sauti ya Hayat imebadilika. Siku hizi humshuku hata mama yake. Shakuru ameacha kugonga.

"Sijui, binti yangu. Kesho mi nakaa inje. Utaingia na Consolate."

Hayat anachovya brashi, anapaka.

Sijaona anasubiri binti asogee kwenye kiti cha pili ndipo amwambie Shakuru, kwa sauti ya chini.

"Nataka arudi shule, nisidanganye. Lakini akishika maneno matatu, yawe matatu yake. Tutaanzia hapo."