Firigisi ya Baba Mkwe

Mara ya kwanza kumpikia baba mkwe kuku, nilikuwa bado mgeni katika boma lile la karibu na Iguhu, na nilijua nitapimwa kwa firigisi. Kwetu tunaiita imondo, na ni ya mwenye nyumba. Ukimwandalia kuku bila imondo umemvunjia heshima, na habari itafika sokoni Khayega kabla sahani hazijaoshwa.

Nilipoipasua niimenye, nikakuta vipande vya plastiki ya buluu vimejisokota na nyasi na changarawe. Kimoja kilikuwa kimezama ndani ya nyama, na nilipokivuta, imondo ikachanika mikononi mwangu. Mama mkwe alichungulia, akaniambia niende nikamweleze baba mkwe mwenyewe.

Mke wa mwana hamsogelei baba mkwe ovyo. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikasukuma sahani ya kuku, na kando yake kisahani chenye imondo iliyochanika na vile vipande. Nikamweleza nilivyovikuta.

Alivigeuzageuza kwa kidole. Alivijua. Vilikuwa vya pakiti za mbegu za mahindi, ambazo kila msimu wa kupanda alizitupa kwenye kijito nyuma ya nyumba, kinachoingia Mto Yala.

“Hizi ni mimi natupanga,” akasema. “Nilijua maji inabeba, inaenda kabisa.”

Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba nyingine zinanasa ukingoni, kuku wakazidonoa, na nyingine zinaenda kweli, mpaka ziwani, kisha Mto Nile, kisha baharini, na huko samaki nao wanazimeza kama kuku wetu. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumfundisha mzee jiografia. Yeye akala kuku wake.

Asubuhi nilimkuta ukingoni mwa kijito na gunia, akiokota plastiki, zake na za majirani wa huko juu, huku akiwalaumu hao majirani kwa zote. Nilicheka peke yangu jikoni. Tangu hapo pakiti za mbegu huzirudisha nyumbani mfukoni.

Krismasi tulichinja kuku mwingine, na imondo ilikuwa safi. Mzee aliikata katikati, akanisukumia nusu mbele ya wanawe wote, mimi mwanamke ambaye kwa desturi sikupaswa hata kuionja.

“Imondo ni ya wenye nyumba,” akasema. “Kula.”

Namshukuru mpaka leo. Nilitafuna polepole, machozi yakinilengalenga, na tangu siku hiyo sijajiona mgeni pale.