Chupa Pungufu ya Kidole

Mafuta yalipenya boksi, yakapenya gunia lililokuwa chini yake, yakaingia begi la abiria mmoja aliyekuwa anakwenda kuposa. Kanzu yake ikawa manjano kwa bizari yangu. Karani wa mabasi kule Mokowe, ng'ambo ya kisiwa chetu, kijana wa bara mwenye adabu zake, hakutufokea. Afadhali angefoka. Alisema polepole, macho yakiwa mezani: "Bibi, achari yako hata mimi naila. Lakini likidondoka tone moja tena, mzigo wenu sibebi." Na hayo ndiyo mabasi pekee yaliyokuwa yanakubali vitu vyetu vya chupa.

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota meno, ndiye mwenye duka. Duka lenyewe halina mlango, liko ndani ya simu. Watu wa Nairobi wanaangalia picha, wanaagiza achari ya embe. Mimi napika, yeye anafunga. Kwa ajili ya hiyo achari aliacha kazi ya ofisini Mombasa, na mamake alikwisha kumwambia: mwisho wa mwezi kama duka halijasimama, arudi akaombe kazi yake. Kwa hiyo tone moja la mafuta lilikuwa linaniondolea mtoto nyumbani.

Mimi nililaumu boksi. Lilikuwa jepesi, limechapwa maua, lina kidirisha cha plastiki.

"Hili ni boksi la kupigiwa picha," nikamwambia. "Si la kupanda punda."

Kwetu mzigo hauanzi safari kwenye basi. Unaanza mgongoni mwa punda, ndani ya shogi, lile pakacha la pande mbili, unaparuzana na kuta za vichochoro mpaka gatini. Pale hamali anaurusha ndani ya boti kama anayetupa kokwa. Baharini unapigwa na maji ya chumvi, ng'ambo unachomwa na jua, ndipo barabara iumalizie.

Alinisikiliza. Akaleta katoni nene, akakata vipande vya boksi akajenga vyumba ndani, kila chupa na chumba chake. Akaandika KIOO kwa wino mwekundu pande zote. Nikacheka, hamali mwenye gunia kichwani anasoma saa ngapi? Basi tukalijaribu. Nililisukuma mwenyewe kwenye ngazi zangu za mawe, likabingirika mpaka ukumbini. Tulipolifungua hapakuwa na chupa iliyovunjika. Lakini shingo zote zililowa mafuta.

Nikasema vifuniko vibovu. Akanunua vingine. Vikavuja. Nikasema karafuu siku hizi ni mbaya, na sijui karafuu zilihusu nini. Yeye alichukua chupa mbili akazilaza juani darini, juu ya karatasi nyeupe, akashuka kuendelea na kazi zake. Baada ya adhuhuri akaniita. Chini ya chupa moja karatasi ilikuwa kavu. Chini ya nyingine pana doa, linatembea.

"Hii inayovuja umeijaza wewe," akasema. "Ile nimeipunguza kidole kimoja. Si boksi, Bibi. Ni mkono wako. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na wewe hukuyaachia pa kwenda."

Damu ilinipanda. Katika nyumba yetu chombo hakitoki mlangoni kikiwa pungufu. Bakuli la jirani likija na mchuzi linarudi na kitu ndani, hata kama ni ndimu tatu. Mama yangu alikuwa akimrudisha mtoto kutoka ndiani kwa sababu sahani aliyobeba ilionyesha kitako chake.

"Wataka niitwe mchoyo mpaka bara?"

"Bora mchoyo aliyefika, Bibi, kuliko karimu aliyemwagika njiani."

Nilishuka jikoni. Nikapika samaki nikatia chumvi mara mbili, na yeye akala, akaomba maji. Mzigo ulikuwa uondoke alfajiri.

Baada ya magharibi niliketi na sufuria na chupa. Nilizijaza mwenyewe, nikaishia shingoni. Kila chupa mkono ulirudi na kijiko kingine, nikaurudisha. Zilipopangwa katonini niliona pembeni pana mianya, na kila mwanya ulikuwa unanitazama. Nikaenda kabatini nikatoa ubuyu niliowatengenezea watoto wa ukoo, nikaufunga vikaratasi vidogo vidogo, nikavisokomeza katika ile mianya.

"Na hiyo?" akauliza.

"Nyongeza. Kilichotolewa chupani kimekaa nje."

Akalitikisa boksi karibu na sikio. Halikusema kitu. Akafunga selotepu, na safari hii hakuandika neno.

Asubuhi, kule Mokowe, karani alilipindua juu chini. Akapitisha kiganja chini yake, akakinusa, akatutazama, akalipakia. Tukarudi nyumbani kukaa na ile simu. Iliwekwa katikati ya mkeka kama mgonjwa. Ililia kwa mambo ya harusi, ililia kwa tangazo la kisomo, na kila ilipolia kisu kilisimama mkononi mwangu. Nilikuwa namenya embe nisizokuwa na haja nazo.

Jibu lilipoingia alilisoma kwanza kimya, nikatamani kumpokonya. Kisha akanionyesha picha: chupa zetu zimesimama kwenye meza ya mtu, karatasi chini yake nyeupe. Mteja ameandika zimefika kavu. Halafu akauliza mbona hazikujaa, na kama ule ubuyu unauzwa peke yake.

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

"Mwandikie hauuzwi," nikasema. "Huo ni haki yake ya kidole kimoja."

Mwisho wa mwezi mamake alipiga simu. Habari za kazi hakuziuliza. Alisema anakuja kututembelea, nimwekee chupa ya achari. Yake niliijaza mpaka mdomoni, kwa kuwa ataibeba mwenyewe mkononi, na akiiinamisha, shauri yake.